Barua ya wazi kwa maafisa ununuzi na maafisa TEHAMA: Msitie saini kabla printa haijaijua A4



YAH: PRINTA MPYA KUKABIDHIWA IKIWA NA MIPANGILIO YA KIWANDANI



Nawaandikia kutoka masijala, mahali ambapo kila barua ya ofisi hupita, iwe inaingia au inatoka. Ninyi hukutana na printa mara mbili tu: siku inaponunuliwa na siku inapogoma kabisa. Miaka yote iliyo katikati tunaishi nayo sisi: watunza kumbukumbu, makatibu mahsusi, wahasibu wenye hati za malipo, walimu wa taaluma wenye mitihani ya kuchapa. Kwa hiyo nina neno kuhusu ile siku ya kwanza, boksi linapofunguliwa.

Siku hiyo inajulikana inavyokwenda. Mzabuni analeta mzigo. Kamati ya ukaguzi na upokeaji inakutana, inalinganisha modeli na hati ya kuagizia, inahakikisha waya upo na katriji ipo. Umeme unawashwa, mtu anabonyeza kitufe, inatoka karatasi ya majaribio yenye nembo ya kampuni. Kila mtu anaridhika, saini zinatiwa, malipo yanaandaliwa. Lakini karatasi ile printa imejichapia yenyewe. Haijapokea kazi kutoka kompyuta ya mtu yeyote, haijakutana na barua yenye kichwa cha ofisi, wala cheti, wala muhtasari wa kikao wa kurasa arobaini. Inathibitisha kwamba mashine inazunguka, basi. Mimi nasema printa ambayo haijapangwa kwa kazi za ofisi iliyoinunua bado haijapokelewa, hata kama imeshalipiwa.

Nianze na karatasi, maana ndiko kwenye kero kubwa kuliko zote. Kioo cha printa kinaandika kwamba kinataka Letter. Trei imejaa A4. Mtu anaivuta, anaitazama, anairudisha, ujumbe haubanduki. Anabonyeza OK, unatoka ukurasa mmoja, printa inasimama na kuuliza lile lile kwa ukurasa wa pili. Nyuma yake kazi za watu wengine zinapanga foleni, na kwa kuwa kila mmoja anadhani yake haikufika, anaituma tena. Njia ikija kufunguka, barua moja inatoka nakala nne, na tatu zinakwenda kuwa karatasi za kuandikia namba za simu.

Letter ni karatasi ya Marekani, Kanada, Mexico na nchi nyingine chache. Ina milimita 216 kwa 279. A4 yetu ina 210 kwa 297, yaani ni nyembamba kidogo na ndefu zaidi. Vipimo vyetu vilipangwa Ujerumani mwaka 1922 na Walter Porstmann, vikaja kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 216, mwaka 1975. Hesabu yake ni nzuri: karatasi ya A0 ina eneo la mita moja ya mraba, ukiikunja katikati unapata A1, ukiikunja hivyo mara nne kwa jumla umefika A4, na umbo linabaki lile lile. Kwa sababu hiyo kurasa mbili za A4 zinapunguzwa zikakaa sawasawa kwenye karatasi moja, na kwa sababu hiyo karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5 kamili. Hapa niwachokoze kidogo maafisa ununuzi: rimu ya karatasi 500 za gramu 80 lazima iwe na kilo 2.5. Ile mnayoletewa ikiwa kilo 2.2 na nembo ya gramu 80 juu yake, mmeuziwa gramu 70. Mizani ya duka la jirani inatosha kumaliza ubishi.

Wamarekani wenyewe wamewahi kuteswa na ujumbe huo. Printa za zamani za HP LaserJet zilikuwa zikiandika PC LOAD LETTER karatasi zinapoisha, na filamu ya Office Space ya mwaka 1999 ikaufanya mzaha unaokumbukwa hadi leo. Ila wao angalau mashine ilikuwa ikiwaomba karatasi iliyopo dukani. Sisi inatuomba karatasi ambayo huipati kwenye stationery yoyote ya mjini, na inaiomba huku tumbo lake limejaa.

Sababu haiko mahali pamoja, na ndiyo maana anayeirekebisha sehemu moja huona hajafanya kitu. Ukubwa wa karatasi umeandikwa mahali patatu: kwenye waraka wenyewe, kwenye draiva iliyo ndani ya kompyuta, na kwenye kumbukumbu ya printa kwa kila trei. Pakitokea mmoja kati ya hao watatu anayesema Letter, ugomvi unaanza. Kompyuta nyingi hufika zikiwa zimewekwa nchi Marekani na Kiingereza cha Marekani, na draiva inayosakinishwa juu yake hufuata mkondo huo huo. Kwa hiyo kazi ya kuitibu printa huanzia kwenye kompyuta: nchi iwe Tanzania, kiolezo cha waraka kiwe A4, draiva iwe A4. Kisha mtu aende kwenye menyu ya printa yenyewe, aiambie kwamba trei ya kwanza ni A4, ya pili ni A4. Printa kadhaa zina pia kipengele kinachoiruhusu A4 kupokea kazi ya Letter bila kusimama kuuliza. Kiwashwe, kwa ajili ya zile barua tunazopokea kwa barua pepe kutoka kwa wafadhili wa Marekani zikiwa zimeandikwa kwa vipimo vyao.

Printa inayosimama na kuuliza ina nafuu, maana unajua kuna tatizo. Ile isiyouliza ndiyo ya kuogopa. Barua ya A4 ikipitia kwenye draiva inayoamini kuna Letter, ama hupunguzwa ukubwa kimyakimya, jedwali la bajeti likawa la kusomwa kwa miwani, ama hukatwa chini milimita 18. Kwenye milimita hizo 18 ndiko ilikolala namba ya ukurasa, anwani ya ofisi, na wakati mwingine mstari wa nakala. Barua inakwenda kwa Katibu Mkuu haina miguu, na anayeulizwa ni aliyechapa.

Sasa niseme jambo ambalo maafisa TEHAMA mnalijua lakini hamtuambii. Mtumishi akifungua dirisha la kuchapa ndani ya programu na kuchagua A4, amebadilisha kazi ile moja tu. Akiingia kwenye mapendeleo ya printa kwenye Windows, amebadilisha kwa ajili yake peke yake. Mwenzake anayeingia kwa jina jingine kwenye kompyuta hiyo hiyo atakuta Letter kama ilivyokuwa. Sehemu inayobadilisha kwa kila mtu iko ndani zaidi, kwenye sifa za printa, upande wa mipangilio ya juu, na huifikii bila nywila ya msimamizi. Nywila hiyo mnayo ninyi. Ndiyo maana asubuhi printa inakubali na mchana imerudia ukaidi, mpaka watu wanasema imerogwa. Haijarogwa. Imerekebishwa na mtu asiye na mamlaka ya kuirekebisha, na mwenye mamlaka alishaondoka siku ya mapokezi.

Kuna pia suala la kuchapa pande mbili za karatasi. Printa nyingi za leo zinatoka kiwandani zikiwa zimeamriwa kuchapa mbele na nyuma, na sitaki mwondoe amri hiyo kwa hasira. Taarifa ya robo mwaka ya kurasa themanini ikitoka kwenye karatasi arobaini, hiyo ni akiba halali. Lakini dokezo la kurasa mbili linalosubiri maoni ya mkuu kwa kalamu, cheti, hati ya malipo inayobandikwa risiti, barua kwenye karatasi yenye nembo ya rangi: hivyo vyote vinataka upande mmoja. Nimeona barua ya uteuzi ambayo ukurasa wake wa pili ulichapwa mgongoni mwa nembo, na ikatumwa hivyo hivyo kwa sababu karatasi zenye nembo zilikuwa zimebaki chache.

Tiba yake ni nyepesi na haigharimu senti. Printa moja inaweza kusajiliwa mara mbili kwenye kompyuta ile ile, kwa majina mawili. Jina la kwanza liwe Barua: upande mmoja, trei yenye karatasi za nembo. La pili liwe Taarifa: pande mbili, trei ya karatasi za kawaida. Mtumishi anachagua jina linalolingana na kazi aliyonayo, hana haja ya kujua menyu wala draiva. Katika mambo yote niliyoyaandika humu, hili ndilo ningependa lifanyike kesho asubuhi, kwa kuwa linaondoa nusu ya kelele zinazosikika kwenye korido.

Aina ya karatasi nayo iangaliwe. Printa ya leza haimwagi wino. Inapanga unga wa plastiki, yaani tona, juu ya karatasi, kisha unga unayeyushwa na kugandamizwa na rola yenye joto la karibu nyuzi 200. Mashine hupima joto na mwendo kwa kuamini aina ya karatasi iliyoambiwa. Ukiweka karatasi nene ya vyeti huku yenyewe inaamini ni karatasi ya kawaida, unga haushiki vizuri. Mhitimu anapokea cheti, anapitisha kidole juu ya jina lake, jina linakuja na kidole. Watu huilaumu tona kuwa feki, na huenda kweli ni feki, lakini kabla ya kumrudishia muuzaji ingieni kwenye menyu mwangalie trei ile imeandikwa nini.

Kuhusu kulala kwa printa, hapa nawatetea watengenezaji. Tangu Marekani ilipoanzisha alama ya Energy Star mwaka 1992, vifaa vya ofisini vimejifunza kupumzika visipotumika, na rola ile ya joto ndiyo inayokula umeme kuliko kitu kingine chochote ndani ya mashine. Kuizuia printa isilale kabisa ni kuchemsha hewa ya chumba kwa fedha ya LUKU. Kinachokera ni muda mfupi mno: printa inayolala baada ya dakika moja humfanya kila anayetuma ukurasa mmoja asimame akiisubiri ipashe moto. Dakika kumi au kumi na tano kwa ofisi yenye shughuli zinatosha. Kipengele cha kujizima kabisa baada ya saa kadhaa kiondolewe kwenye printa ya mtandao, kwani aliye ghorofa ya tatu hawezi kuiwasha kwa kupiga kelele dirishani. Na kwa kuwa tuko kwenye umeme: msiichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Rola ikianza kupata moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na UPS hiyo huzidiwa.

Tona sasa. Katriji inayokuja ndani ya boksi la printa mpya mara nyingi ni ya kuanzia, haijazwa sawa na ile inayouzwa peke yake. Anayepanga bajeti ya mwaka kwa kuangalia katriji ya kwanza ilidumu muda gani atakosea. Na idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa kiwango cha ISO/IEC 19752, kwa kurasa zenye maandishi machache yanayofunika takriban asilimia 5 ya karatasi. Majedwali yetu yenye mistari minene na nembo nyeusi pembeni hayapo kwenye hesabu hiyo.

Halafu printa inapohisi tona imepungua sana, kuna mipangilio miwili: isimame, au ionye na kuendelea. Ikiwekwa kwenye kusimama, inasimama huku katriji bado ina unga wa kutosha kurasa nyingi zinazosomeka vizuri. Iwekwe kwenye kuendelea. Macho ya katibu mahsusi yanajua barua iliyofifia. Hatuhitaji mashine itusaidie kuona. Ila kwa upande wa pili, ile hali ya kubana tona, inayochapa herufi za kijivu, isiguswe kwa waraka wowote unaokwenda kwenye jalada. Jalada linatunzwa miaka mingi, litatolewa kopi, kopi itatolewa kopi, na herufi iliyoanza ikiwa ya kijivu haifiki mwisho wa safari hiyo. Rasimu ichapwe kijivu, hakuna neno.

Kuna jambo la tona linalowahusu zaidi maafisa ununuzi. Printa mpya nyingi huja zikiwa zimeruhusiwa kujisasishia programu zenyewe kupitia intaneti. Septemba 2016 wenye printa kadhaa za wino za HP waliamka wakakuta katriji za makampuni mengine, zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, zimekataliwa ghafla. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliamua, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, kwamba kampuni ikishauza katriji yake haiwezi kutumia haki ya hataza kumzuia mnunuzi kuijaza upya au kuiuza tena. Uamuzi ule hauigusi programu iliyo ndani ya printa inayokataa tu. Siwaambii mzime masasisho yote, kwa sababu mengine huziba mianya ya wadukuzi. Nasema printa iulize kwanza, na anayeulizwa awe afisa TEHAMA, siyo kijana wa field anayebonyeza kila kitufe cha kijani. Na kama ofisi inakusudia kununua tona mbadala, hilo liulizwe kabla ya zabuni kutangazwa.

Nywila ya kiwandani nitaigusa kwa kifupi kwa sababu mnaijua. Printa ya mtandao ina ukurasa wake wa usimamizi, unaofunguka kwa kivinjari kwa kuandika anwani yake. Nyingine hufika zikiwa hazina nywila kabisa, au zina nywila iliyochapwa kwenye kitabu ambacho dunia nzima inacho. Novemba 2018 mdukuzi mmoja alichapisha kipeperushi cha kumpigia debe PewDiePie wa YouTube kwenye printa zipatazo 50,000 zilizoachwa wazi kwenye intaneti. Yule alikuwa anatania. Badilisheni nywila, zimeni Wi-Fi ya moja kwa moja ya printa kama hakuna anayeitumia, kisha nywila mpya iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa katika masijala ya siri. Nasisitiza bahasha kwa sababu nanyi mnahamishwa. Afisa akipata uhamisho kwenda mkoa mwingine na nywila kichwani, printa inabaki kama ilivyo hadi itakapofutwa kwenye orodha ya mali.

Siri nyingine inavuja kwa njia ya upole zaidi. Windows 10 ilileta, mwishoni mwa 2015, tabia ya kuifanya printa iliyotumika mara ya mwisho kuwa ndiyo chaguo la kwanza. Katibu mahsusi akichapa kitu kimoja kwenye printa ya uhasibu, barua yake inayofuata itakwenda uhasibu pia, asipoangalia. Ikiwa ni barua ya onyo kwa mtumishi, habari zitamfikia kabla ya barua. Tabia hiyo izimwe kwenye kila kompyuta inayoandika mambo ya utumishi. Na kama printa ina uwezo wa kushikilia kazi mpaka mwenyewe afike na kuingiza namba yake ya siri, basi uwezo huo tumeshaulipia, uwashwe.

Milio ya vitufe, saa isiyo sahihi, lugha ya menyu, ukurasa wa jina unaotoka kabla ya kila kazi: hayo ni ya dakika chache, mfanye mkiwa hapo hapo.

Ninachowaomba hakihitaji fungu jipya. Kwanza, maafisa ununuzi: vigezo vya kiufundi vya zabuni viseme kwamba mzabuni atasimika na kupanga printa kwa A4, kwa watumiaji wote, kwa majina mawili, mbele ya mtumiaji. Sasa zabuni za Serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, na kisichoandikwa kwenye vigezo huwezi kumdai mzabuni baadaye. Pili, kamati ya upokeaji imwite anayeitumia printa, siyo bosi wake. Yeye achape kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, barua moja ya kurasa mbili kwenye karatasi ya nembo na taarifa moja ya pande mbili kutoka kila trei. Kisha printa izimwe, iwashwe, achape tena. Mipangilio ikirudi Letter baada ya kuwashwa, mzigo bado ni wa mzabuni, na hati ya mapokezi ibaki bila saini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtunza Kumbukumbu, Masijala

Nakala: Wauzaji wa printa, kwa utekelezaji